Mzinga Usio na Baruti: Bunilizi za Kisayansi na Mtihani wa Istilahi za Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika bunilizi za kisayansi za Ulaya, Marekani na Japani imo silaha moja inayojirudia mara kwa mara: mzinga unaorusha kipande cha chuma kwa nguvu ya umeme badala ya baruti. Baadhi ya masimulizi huuweka katika merikebu za angani. Mengine huushusha ardhini na kuufanya mzinga wa kukokotwa. Huvutwa na gari hadi juu ya kilima, hukita miguu yake ardhini, huunganishwa kwa nyaya na gari jingine lenye jenereta, kisha huwa tayari kwa kazi yoyote itakayouangukia: kubomoa ngome, kutungua ndege, au kuzuia meli isikaribie pwani. Mashabiki wa kandanda wa Afrika Mashariki humwita mchezaji wa namna hiyo kiraka, kwa kuwa huziba pengo popote linapotokea.

Mhadhara huu unauliza swali moja. Mwandishi au mfasiri wa Kiswahili atakapouleta mzinga huo katika hadithi yake, auiteje, na sentensi zinazouzunguka azijengeje? Swali hili linaweza kuonekana dogo, hata la mchezo. Lakini nchini Tanzania mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza sayansi kwa Kiswahili, kisha afikapo sekondari hukutana na sayansi hiyo kwa lugha nyingine. Istilahi za fizikia zilizosanifiwa kwa jasho la wataalamu hubaki kamusini, zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, bila sentensi za kuishi ndani yake. Hadithi ni mahali pamoja ambapo istilahi hulazimika kufanya kazi: kubeba tendo, mtenda na matokeo. Istilahi inayofaulu katika hadithi imefaulu mtihani ambao orodha haiwezi kuutoa.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba jina zuri la chombo kama hiki halitoshi kwa kuwa fupi au kwa kufanana na la kigeni. Lapaswa kumsaidia msomaji kujibu maswali matatu: chombo kina umbo gani, nguvu yake yatoka wapi, na nani hubeba mzigo wake.

2.0 Mzinga wenyewe

Ni vema kwanza chombo kieleweke, kwani istilahi isiyotanguliwa na ufahamu huzaa mkanganyo. Ndani ya mzinga huu mna reli mbili za metali zilizolazwa sambamba. Kati yake hukaa kipande kipitishacho umeme, kikigusa reli zote mbili. Mkondo mkubwa huingia kwa reli ya kwanza, huvuka kwa kipande hicho, na kurudi kwa reli ya pili. Mkondo huo huzalisha uga sumaku baina ya reli, na uga huo hukisukuma kipande mbele pamoja na chuma kilichobebwa nacho. Kani inayopatikana hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezwa mara mbili, kani huongezeka mara nne. Katika mzinga wa kawaida wa aina hii, mkondo wa ampea milioni 1 hutoa kani ya takriban nyutoni 250,000.

Wazo hili si geni. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Mfaransa André Fauchon-Villeplée alibuni chombo cha kurusha risasi kwa umeme, na mwaka 1922 akapewa hataza nchini Marekani. Katika miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, walirusha kipande cha gramu 3 kwa kasi ya takriban kilomita 5.9 kwa sekunde. Mwezi Desemba 2010, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilifanya jaribio la megajuli 33 huko Dahlgren, Virginia. Nishati hiyo yakaribia ile ya lori la tani 33 liendalo kilomita 160 kwa saa. Hata hivyo mradi huo ulisitishwa mwaka 2021. Miongoni mwa mambo yaliyoutatiza ni kulika kwa reli, kwani joto na msuguano wa kila pigo huzichubua. Mwaka 2023 Japani ilitangaza kwamba imefyatua mzinga wa aina hii kutoka melini, baharini.

Kwa hiyo chombo hiki kimesimama mpakani baina ya maabara na hadithi. Mwenye kukiandikia hadithi hana budi kuzijua sheria zake, lakini bado ana uhuru wa kukipa maisha ambayo hakijapata kuyaishi.

3.0 Jina la umbo na jina la moshi

Neno mzinga lina historia yenye mafunzo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba neno hilo hutaja gogo lililotobolewa likawa wazi ndani, hutaja makazi ya nyuki, na hutaja silaha kubwa. Maana hizi tatu zimeunganishwa na umbo, yaani kitu kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani. Waswahili walipoiona silaha hiyo hawakuipa jina la moto wake, wala la mshindo wake, wala la mataifa yaliyoileta. Waliitazama ilivyo, wakaona mzinga.

Jina la namna hiyo lilinganishwe na garimoshi. Hapa wasemaji walichagua kutaja kilichotoka katika chombo, yaani moshi uliotokana na kuni au makaa. Chombo kilipobadili nishati, jina likaachwa nyuma. Tangu mwaka 2024 treni za umeme zinasafiri kati ya Dar es Salaam na Dodoma bila moshi wowote, na wasemaji wengi huziita treni ya umeme au treni ya mwendokasi. Neno garimoshi halijafa, lakini kila linapotumiwa kwa chombo kipya, sehemu yake ya pili husema jambo lisilokuwapo.

Somo lililo hapa ni la jumla. Jina lililojengwa juu ya umbo hustahimili mabadiliko ya nishati kuliko jina lililojengwa juu ya mazao ya nishati hiyo. Mzinga wa baruti na mzinga wa umeme zote ni mizinga, kwa kuwa zote zina uwazi ambamo kitu hupita na kurushwa. Hakuna haja ya kuunda nomino mpya kabisa, wala kukopa jina la Kiingereza na kulivika irabu mwishoni. Mkopo wa namna hiyo ungetamkika, lakini msomaji asingeona ndani yake gogo wala reli. Kiswahili kilikwisha kulipa gharama ya neno hili karne nyingi zilizopita.

Si maneno yote ya jamii hii yaliyo na bahati hiyo. Kombora, katika matumizi ya leo, humpeleka msomaji wa magazeti kwenye silaha inayojiendesha yenyewe angani na kulipuka ifikapo. Kinachorushwa na mzinga wa umeme aghalabu ni chuma kitupu kisicholipuka, ambacho huharibu kwa kasi yake tu. Risasi nayo ina asili ya Kiarabu, na asili yake ni jina la metali nzito na laini. Hata hivyo imekwisha kuhama kutoka metali kwenda kazi, hivyo yaweza kubeba maana hii mpya bila kulalamika. Mfasiri mwangalifu atasema risasi ya mzinga, au chuma, na kombora ataliacha kwa ajili ya kile kinacholipuka.

4.0 Mzinga wa reli au mzinga reli?

Ugumu wa kwanza hasa unatokea pale neno mzinga linapotafuta mwenzake. Tafsiri inayokuja upesi ni mzinga wa reli. Lakini -a unganifu katika Kiswahili ina milango mingi. Kikombe cha chai ni kikombe cha kunywea chai. Kikombe cha bati ni kilichofanywa kwa bati. Kikombe cha Asha ni anachokimiliki Asha. Mzinga wa reli, basi, waweza kuwa mzinga wenye reli ndani yake, na waweza pia kuwa mzinga unaosafiri juu ya reli.

Maana hii ya pili haikubuniwa ili kutia chumvi hoja. Mizinga iliyopandishwa juu ya mabehewa ilitumika katika vita vyote viwili vya dunia. Mkubwa kuliko yote, uliojulikana kama Schwerer Gustav, ulikuwa na kipenyo cha sentimita 80, nao Wajerumani waliutumia dhidi ya Sevastopol mwaka 1942. Huo ndio mzinga wa reli kwa maana iliyo nyoofu zaidi. Mfasiri akitumia jina hilohilo kwa silaha ya umeme, msomaji ataona behewa pasipo na behewa. Na ikiwa silaha ya hadithi ni ya kukokotwa porini, mkanganyo utazidi: yawezekanaje mzinga wa reli ukokotwe mahali pasipo na reli?

Njia ya pili ni mzinga wa sumaku-umeme. Hili ni sahihi kisayansi lakini ni pana mno. Mwaka 1903, huko Kristiania, mji uitwao leo Oslo, profesa Kristian Birkeland wa Norwei alionyesha hadharani mzinga wa umeme uliotumia koili za waya, si reli. Onyesho hilo liliharibika kwa hitilafu ya umeme iliyotoa mwako na kelele. Mzinga wa koili na mzinga huu ni ndugu, ila si pacha. Jina moja kwa wote wawili litamnyima mwanafunzi tofauti ambayo fizikia inaihitaji.

Njia ya tatu yapatikana ndani ya sarufi yenyewe. Kiswahili kina nomino ambatani zinazoweka sifa bainifu ya kitu mara baada ya kitu chenyewe, bila kiunganishi. Askari kanzu ni askari anayetambulikana kwa kuvaa kanzu badala ya sare. Askari wa kanzu angeweza kuwa hata askari anayelinda duka la kanzu. Muundo huu huifunga milango mingine ya -a unganifu na kuuacha mmoja: kitu chenye hiki kama alama yake. Kwa kanuni hiyo, mzinga reli ni mzinga ambao reli ni sehemu ya utu wake, ilhali mzinga wa reli hubakia silaha ya kwenye behewa. Katika kuutaja mara ya kwanza, mwandishi aweza kusema mzinga reli wa umeme, na baadaye akafupisha. Hivyo umbo na nishati vyote vimetajwa, na hakuna hata neno moja ambalo mtoto wa darasa la saba halijui.

5.0 Vitenzi vya silaha

Istilahi ni zaidi ya nomino. Sentensi husimama juu ya kitenzi, na hapo ndipo tafsiri nyingi huanguka zikiwa zimekwisha kupata nomino nzuri.

Kitenzi shindilia ni cha gobori, ambalo mtumiaji alisukuma baruti na risasi kutoka mdomoni mwa mtutu. Mzinga reli haushindiliwi; huwekwa chuma na hujazwa umeme. Lipua nacho hakifai, kwani hakuna kinacholipuka ndani yake. Lakini fyatua, kinachotumiwa kila siku kwa bunduki, kina historia isiyohitaji moto hata kidogo. Fyata ni kubana kitu, kama mbwa anavyofyata mkia kwa hofu. Fyatua, kwa kiambishi chake cha kutendua, ni kuachilia kilichobanwa: mtego hufyatuka, na tofali hufyatuliwa kutoka katika kalibu yake. Umeme uliohifadhiwa katika kapasita nao umebanwa ukingoja kuachiliwa. Kwa hiyo fyatua kinaufaa mzinga reli vizuri kuliko kinavyolifaa gobori.

Mshindo na mwako viangaliwe kwa makini. Mwandishi anaweza kudhani kwamba silaha isiyo na baruti ni ya kimya na isiyo na moto. Sivyo. Chuma kinachopita hewani kwa kasi inayozidi ile ya sauti, ambayo ni takriban mita 340 kwa sekunde, hutoa mshindo mkubwa. Katika majaribio, mdomo wa mzinga huo hutoa ulimi wa moto, kwa kuwa cheche za umeme na chembe za metali iliyokwanguliwa huwaka. Baruti imeondoka, lakini moto haukuondoka nayo.

6.0 Uzito na tungamo

Mandhari ya hadithi hizi mara nyingi si Dunia. Mzinga ukipelekwa Mwezini, istilahi mbili ambazo wanafunzi wengi huzichanganya hutengana mbele ya macho yao. Uzito ni kani ambayo kitu huvutwa nayo. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo. Mzinga wenye tungamo la kilo 5,000 ukiwa Mwezini huvutwa kwa takriban moja ya sita tu ya kani ya Duniani. Watu wachache wangeweza kuuinua upande mmoja. Tungamo lake, hata hivyo, ni lilelile.

Athari yake huonekana pale mzinga unapofyatuliwa. Chuma cha kilo 10 kikitoka kwa kasi ya mita 2,000 kwa sekunde, mzinga wa kilo 5,000 usioshikizwa hurudi nyuma kwa mita 4 kwa sekunde, iwe Duniani au Mwezini. Lakini Duniani uzito huyasaidia magurudumu kung'ang'ania ardhi. Mwezini msaada huo umepungua. Mzinga ambao ulikuwa mwepesi kuukokota ndio huohuo uliokuwa mgumu kuuzuia. Mwandishi asiyetofautisha maneno haya mawili ataandika tukio lisilowezekana, na msomaji wake atafundishwa uongo kwa lugha tamu.

Vivyo hivyo kwa kasi. Kitu kikirushwa sambamba na uso wa Mwezi kwa kilomita 1.7 kwa sekunde hivi, pasipo mlima wa kukizuia, kitauzunguka Mwezi na kumfikia mpigaji kwa nyuma baada ya kama saa 1 na dakika 48. Kikizidi kilomita 2.4 kwa sekunde, hakitarudi tena. Mwaka 1966, katika The Moon Is a Harsh Mistress, Robert A. Heinlein aliitumia hali hii, akawapa wakazi wa Mwezini chombo cha umeme cha kurushia mawe hadi Duniani. Jules Verne, mwaka 1865, alikuwa bado akiwategemea wapiga mizinga wa kizamani kuwapeleka watu upande wa pili. Kati ya waandishi hao wawili, kilichobadilika ni nishati. Mzinga ulibaki.

7.0 Kukokotwa na nani?

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Silaha hii imeelezwa kuwa ya kukokotwa. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili humruhusu mtenda atoweke bila sentensi kuvunjika: mzinga ulikokotwa hadi mlimani. Sarufi imetosheka. Je, historia imetosheka?

Afrika ya Mashariki ina jibu lake. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Kijerumani Königsberg iliangamia katika delta ya mto Rufiji. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikatengenezewa magari ya magurudumu, na silaha iliyoundwa kwa ajili ya bahari ikawa ya nchi kavu. Mmoja uliwekwa katika meli Götzen, ambayo baadaye iliitwa Liemba, katika Ziwa Tanganyika. Hiyo ilikuwa mizinga kiraka kwa maana kamili. Mmojawapo umesimama hadi leo Mombasa, kwenye Ngome ya Yesu. Lakini mizinga hiyo haikujikokota. Ilivutwa na makundi makubwa ya wapagazi wa Kiafrika, katika matope, vichaka na milima. Upande wa Waingereza nao ulikuwa na jeshi lake la wapagazi, na hesabu rasmi za vifo vyao zinazidi 40,000. Kambi yao ya Dar es Salaam iliacha jina lake kinywani mwa wenyeji, na jina hilo ni Kariakoo. Wengi wanaonunua nyanya sokoni hapo hawajui kwamba wanalitamka jina la waliobeba vita vya wengine.

Lugha inayo kumbukumbu nyingine ndogo. Umbo la neno mkokoteni lafanana na amri ya wingi: kokoteni! Ndani ya jina la chombo mnasikika sauti inayowaamuru watu wengi wavute. Kauli ya kutendwa huwaficha, mkokoteni huwafichua.

Katika hadithi za mbeleni swali hili halifutiki, bali hubadili sura. Mzinga waweza kupewa akili unde, ukachagua shabaha wenyewe. Hapo upatanisho wa kisarufi huwa uamuzi wa kimaadili. Kifaru mnyama huchukua upatanisho wa viumbe: kifaru amekufa. Kifaru cha vita huchukua ule wa vitu: kifaru kimeteketea. Wasemaji walipokopa jina la mnyama hawakukopa uhai wake. Mwandishi akiandika mzinga umeua, msomaji bado atamtafuta mtu nyuma ya chombo. Akiandika mzinga ameua, amemwondolea mtu huyo lawama kwa silabi moja. Huenda hadithi inataka hivyo, lakini iwe kwa kujua.

8.0 Hitimisho

Mhadhara huu umependekeza mzinga reli kwa silaha ya umeme yenye reli ndani, mzinga wa reli kwa ile ya kwenye behewa, na mzinga wa koili kwa ndugu yao wa tatu. Fyatua kwa tendo lake. Na utengano thabiti wa uzito na tungamo popote inapopelekwa. Mapendekezo haya hayadai kuwa ya mwisho. Wasemaji ndio mahakama ya rufaa, kama walivyoamua baina ya tarakilishi na kompyuta.

Lililo muhimu zaidi ni utaratibu wa kuyapima. Istilahi ipewe sentensi, sentensi ipewe mtenda, na mtenda apewe mahali pa kusimama. Vyuo vinavyofundisha uundaji wa istilahi vingefanya vema kumtaka kila mwanafunzi, pamoja na orodha yake, aandike kurasa mbili za hadithi ambamo maneno yake yote yanafanya kazi. Neno litakalokwama litajitambulisha lenyewe. Na mwandishi kijana wa Kiswahili atakayeupandisha mzinga wake kwenye kilima cha sayari nyingine aanze kwa kuandika, waziwazi, ni nani waliokuwa wakivuta kamba.